Wakisogeza Dabi, Sisi Tusogee Wapi?

Huku kwetu Chiungutwa tunaishi kwa kalenda tatu. Ya kwanza ni ya ukutani, yenye picha ya mgombea udiwani anayetabasamu, na hiyo tangu uchaguzi wake upite hakuna aliyehangaika kuifunua ukurasa. Ya pili ni ya mikorosho: palizi, salfa, maua, kuokota, mnada, malipo, madeni. Ya tatu ni ratiba ya Ligi Kuu, na humo siku zenye uzito ni mbili tu kwa msimu, zile ambazo Simba na Yanga wanakutana kwenye Dabi ya Kariakoo. Siku hizo mbili ndizo zinazoamua harusi ifungwe lini, kikao cha AMCOS, chama chetu cha ushirika, kiitishwe lini, na mgonjwa asiyezidiwa apelekwe Hospitali ya Ndanda wiki hii au avumilie hadi ijayo.

Mkorosho una adabu zake. Wakati wake wa maua ukifika, unatoa maua. Ukichelewa, umechelewa kwa sababu ya mvua au baridi, si kwa sababu umetoa taarifa kwa vyombo vya habari usiku wa manane. Dabi ya Kariakoo adabu hiyo haina, na mimi nimechoka. Nimechoka kama mtu wa Simba, lakini mama watoto, ambaye ni wa Yanga, amesema niandike kwamba naye amechoka vilevile, watu wasije wakadhani yeye ana raha.

Chukua Jumamosi ile ya Machi 8, 2025. Mchezo ulipangwa saa 1:15 usiku, Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, mwenyeji Yanga. Tulikuwa ndani ya Ramadhani, na nikaona safari hii Bodi ya Ligi imefikiria watu: aliyefunga atakuwa ameshafuturu, na asiyefunga atakuwa ameshakula futari ya mwenzake. Mimi nimo katika kundi la pili. Mjomba wangu hunialika kila mwaka, kwa maelezo kwamba anataka niwe karibu naye Yanga itakapotufunga. Siku hiyo mwaliko ulinifaa zaidi, maana ilikuwa pia Siku ya Wanawake Duniani na kwangu ilishatangazwa tangu alfajiri kwamba jikoni hakuna mtu.

Kumbe mambo yalishaharibika Ijumaa. Simba walikwenda uwanjani jioni kufanya mazoezi ya mwisho, wakazuiwa getini. Nani aliyezuia? Hapa kijijini kila mtu ana jibu, na jibu lake linafuata rangi ya jezi. Usiku ule Simba wakatoa taarifa: hatuchezi, Kanuni ya 17, kifungu cha 45, imevunjwa, ile inayompa timu mgeni haki ya kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mchezo kabla ya siku ya mechi. Jumamosi mchana Bodi ikaahirisha. Yanga nao wakasema sisi hatujui habari ya kuahirishwa, tunakwenda. Na kweli jioni basi lao likaenda.

Kabla sijaendelea, kuna jambo la uwanja wenyewe. Marehemu Mzee Mkapa alikuwa mtu wa Lupaso, wilaya hii hii ya Masasi, na Lupaso ndiko alikozikwa Julai 2020. Uwanja ule wa watu 60,000 ulianza kujengwa akiwa Ikulu, ukafunguliwa 2007, ukaitwa jina lake alipofariki. Kwa hiyo ugomvi wa geti ulitokea, kwa namna fulani, mlangoni kwa mtu wa kwetu. Mzee mmoja wa hapa, ambaye mpira haumhusu hata kidogo, alisikiliza kisa chote mpaka mwisho, akauliza swali moja: “Walipiga hodi?” Hakuna aliyejua. Nimesoma taarifa za pande zote na hilo la hodi halimo.

Sasa turudi kwetu, kwa sababu Dar es Salaam wana mawakili wa kuwasemea. Sisi dabi tunaitazamia kwenye kibanda umiza. Chetu kina kuta za mianzi, bati juu, benchi za mbao ambazo fundi alizipima kwa makalio ya watoto, na katikati nguzo ya mti inayoshikilia paa. Ukikaa nyuma ya nguzo hiyo utaona kona inapigwa ila hutaona ilikoishia. Itabidi usikilize nani kashangilia. Kiingilio mechi za kawaida ni shilingi 500. Dabi ni 1,000, na mwenye kibanda huanza kukusanya tangu Ijumaa mchana ili apate hela ya kulipia king'amuzi, maana hicho king'amuzi nacho kina ratiba yake ya kuzimika.

Stakabadhi yake ilikuwa alama ya kalamu ya wino mzito nyuma ya kiganja. Utaratibu huu ulimfaa sana miezi mingine yote. Ramadhani ulimshinda. Watu walitia udhu Alasiri, wakatia Magharibi, wakanawa kwa futari, na walipofika kibandani mikono ilikuwa inang'aa kama ya mtoto aliyebatizwa. “Alama yako iko wapi?” “Imeondoka kwa ibada.” Wasiofunga ndio waliobaki na alama nyeusi kabisa, mimi nikiwa wa kwanza, na mjomba akanitazama mkono kwa muda mrefu kuliko ilivyolazimu.

Tulikaa. Tulishasikia kwamba imeahirishwa, lakini pesa ilikuwa imeshatoka na hakuna mtu wa Masasi anayeacha elfu yake ikae peke yake gizani. Tukaoneshwa habari za basi la Yanga kuwasili. Upande wa kijani na njano wakashangilia basi. Nimeishi miaka mingi, nimeshangilia penalti, nimeshangilia kipa wa pili akipasha misuli, sijawahi kuona watu wazima wanashangilia kuegeshwa kwa gari. Kisha hapakuwa na kitu. Mwenye kibanda akabadilisha, akatuwekea mechi ya Ulaya ya watu tusiowajua kwa sura wala kwa ukoo.

Ndipo nikasimama, kwa heshima, nikaomba pesa yangu.

Jibu alilonipa linastahili kuhifadhiwa. Alisema dabi ni timu mbili. Timu moja imekuja na ameionesha. Kwa hiyo ametoa nusu ya huduma, na hiyo nusu nyingine nikawadai Simba. Watu wa Simba tukapiga kelele kwamba nusu ya dabi haipo, sawa na nusu ya mimba. Watu wa Yanga, ambao walilipa elfu moja kama sisi, wakamtetea yeye, kwa sababu kwa hesabu zao mechi ilikuwa imechezwa na wameshinda tatu bila. Mjomba akaniambia, “Mpwa wangu, kaa chini. Aliyekimbia hadai nauli.” Huku kwetu mjomba akishasema, baba mzazi mwenyewe huangalia pembeni. Nikakaa. Lakini nilikaa nikiwa nimekata rufaa.

Rufaa yenyewe ilikwenda hivi. Jumatatu tulikwenda watu kadhaa kwa mwenyekiti wa kijiji. Akatusikiliza huku anamenya muhogo, akauliza: “Mmepitia kwa balozi?” Hatukupitia. “Kwa mwenyekiti wa kitongoji?” Hatukupitia. “Basi mmeruka ngazi. Rudini.” Tukaona ametunyanyasa, tukamsema njia nzima. Haukupita muda Yanga nao, waliokwenda kudai pointi zao kwenye mahakama ya michezo huko Lausanne, Uswisi, wakajibiwa maneno yaleyale: kamalizeni kwanza ngazi za kwenu. Mwenyekiti wetu aliposikia alitembea kijiji kizima. Tangu hapo shauri lolote, hata la kuku aliyeparura mbegu, analiamua kwa sauti ya mtu ambaye Uswisi wamekopi kwake.

Kibaya zaidi ni kwamba ugonjwa huu ni wa kurudi. Mei 8, 2021, Jumamosi pia, Ramadhani pia, dabi ilipangwa saa 11 jioni. Siku hiyohiyo likaja tangazo kwamba kwa maelekezo ya wizara mchezo umesogezwa hadi saa 1 usiku. Yanga wakasema Kanuni ya 15 (10) inataka mabadiliko ya muda yatolewe angalau saa 24 kabla. Wakaja uwanjani saa 11, wakapasha misuli, hawakumwona mtu, wakaondoka. Simba wakaja kwa ajili ya saa 1, hawakumwona mtu, wakaondoka. Kila timu iliwahi. Kwa nchi ambayo mwaliko wa saa nane maana yake ni maji ya kupikia wali yabandikwe saa tisa, timu mbili kubwa kuwahi siku moja ni jambo la kuandikwa, na bado mechi haikuchezwa. Ilikuja kuchezwa Julai 3, Zawadi Mauya akatufunga, 1-0. Mtu asubiri siku 56 kwa ajili ya Zawadi Mauya!

Mjomba ana nadharia yake kuhusu dabi hizi mbili kufia zote ndani ya mfungo. Anasema ni njaa. Kiongozi aliyefunga hana subira, asiyefunga hana kisingizio, na wote wakiwekwa chumba kimoja saa kumi alasiri hapatatoka ratiba, patatoka kanuni.

Na kanuni ndizo zilizotuharibia vijana. Zamani kijana wa hapa alikuwa anabishana kuhusu nani ana chenga. Sasa hivi dereva wa bodaboda ambaye barua ya mkopo wake hajaifungua tangu aipokee anaweza kukukariria 15 (10) na 17 (45) bila kupumua, pamoja na mabano. Juzi mmoja alinitoza nauli zaidi ya tuliyokubaliana. Nilipolalamika akasema mabadiliko alinitangazia njiani, kabla ya kufika, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa mgeni.

Mtu wa nje atauliza: ninyi mko karibu na Mto Ruvuma, Kariakoo inawahusu nini? Swali zuri, na limejibiwa tangu babu zetu. Yanga ilizaliwa 1935. Mwaka uliofuata baadhi ya watu wakajitenga, na timu yao, baada ya majina kadhaa, ikaitwa Sunderland mpaka 1971 ilipogeuka Simba. Yaani ni ugomvi wa ndugu, na ugomvi wa ndugu husambaa haraka kuliko mvua. Redio iliufikisha huku kabla lami haijafika. Mkoa wetu ulipata timu yake, Ndanda ikapanda Ligi Kuu mwaka 2014, tukaishangilia vizuri; ikashuka, tukasikitika kwa staha kama tunavyomsikitikia jirani. Sasa Namungo wako Ruangwa, si mbali. Lakini Namungo akifungwa watu wanakula. Simba akifungwa mimi sioni ladha ya mboga.

Zaidi ya hapo tuna daftari la madeni. Mtoto wa darasa la saba hapa ukimuuliza Vita ya Majimaji ilianza mwaka gani, vita iliyopita kwenye ardhi hii anayokanyaga, atatazama dari. Muulize Julai 19, 1977. Atakuambia Simba 6, Yanga 0, na Abdallah Kibadeni alitia matatu peke yake. Kama wazazi wake ni wa Yanga atakujibu kwa Juni 1, 1968, tano bila. Sisi tukaongeza tano zetu Mei 6, 2012. Wao wakaja Novemba 5, 2023 na 5-1, na hiyo ndiyo inayoniuma kwa sababu nilikuwa hai, nina macho, na sikukaa nyuma ya nguzo.

Wiki ile kununua kitu sokoni ilikuwa adhabu. Unasema, “Nipe nyanya za elfu moja.” Muuzaji anapanga mafungu: moja, mbili, tatu, nne, anasimama, anakutazama, anainua la tano polepole kama padri anayeinua hostia. Unasema manne yananitosha. “Hapana kaka, tano ni haki yako.” Nyumbani mama watoto alinipigia simu ya mkononi nikiwa chumba cha pili, ili tu aniulize ni saa ngapi. Ilikuwa saa tano.

Sasa mtu mwenye deni kama hilo, ukimsogezea siku ya kulipa kisasi, umemfanyia nini? Kwanza kule kwenye mzunguko wa kwanza, Oktoba 19, 2024, tulikuwa tumefungwa 1-0 kwa goli la kujifunga wenyewe. Nikasema hewala, Machi nitapumua. Machi ikaja na geti. Wakatangaza Juni 15. Wakabadilisha, Juni 25. Hapo katikati Yanga wanasema hawachezi kabisa, wanataka pointi zao. Nenda rudi, nenda rudi, sisi tumeshika kalenda na penseli.

Hebu niwaoneshe hasara kwa mfano ulio hai. Binti wa dada yangu alikuwa anaolewa Jumamosi, Juni 14. Kamati ikapanga kuvunja kamati kesho yake, Jumapili Juni 15, watu wale mabaki na kusomewa mapato na matumizi. Dabi ikatua juu ya Juni 15. Kikao cha dharura. Mweka hazina, mwalimu, akashauri Jumatano Juni 25, kwa hoja kwamba watumishi watakuwa wameshapata mshahara na wenye ahadi watamalizia ahadi zao. Tukapiga makofi. Wiki ya harusi yenyewe, dabi ikahamia Juni 25. Hapo kamati ikagawanyika kwa rangi na haikuweza tena kupata akidi. Kwa hiyo kisheria kamati ile haijavunjwa mpaka leo. Bibi harusi ana mimba, na mwenyekiti wa kamati bado ananitumia ujumbe wa kunikumbusha mchango.

Au chukua salfa. Juni mwishoni ndipo mikorosho inahitaji kupuliziwa, na mashine ya kupulizia tunashirikiana kaya tatu, kila mmoja na zamu yake. Zamu yangu iliangukia asubuhi ya Juni 25. Kazi ya salfa hufanywa alfajiri upepo ukiwa umetulia, na dabi ilikuwa saa 11 jioni, kwa hiyo kwa akili ya kawaida hapakuwa na mgongano. Vijana wa mashine hawakuwa na akili ya kawaida. Walishaondoka tangu jana yake kwenda Masasi mjini, kwenye runinga kubwa isiyo na nguzo. Walirudi Ijumaa, hawana sauti. Ubwiri unga hausubiri Bodi ya Ligi. Kuna mikorosho yangu ya upande wa bondeni ambayo ukiitazama maua yake utadhani imemwagiwa unga wa sembe. AMCOS wakiniuliza kwa nini magunia yamepungua nitawaambia waandikie Kariakoo.

Nilidhani wendawazimu huu ni wetu peke yetu mpaka niliposoma habari za Wamarekani wa majimbo ya kusini na ule mpira wao wa miguu unaochezwa kwa mikono. Kule mahaba yote yako kwenye timu za vyuo vikuu. Jimbo la Alabama lina vyuo viwili vilivyo watani wa jadi kama sisi, Alabama na Auburn. Mwaka 1907 walitoka sare, 6-6, kisha wakashindwa kuafikiana mechi inayofuata. Unajua waligombania nini? Posho za wachezaji, na refa atoke wapi. Posho na refa! Niliposoma hapo nilihisi kama nimepokea barua ya ndugu. Hawakucheza tena mpaka 1948. Miaka 41. Sisi kutoka Machi 8 hadi Juni 25 ni siku 109, na nilikuwa nimeshaanza kukonda. Bunge la jimbo ndilo lililowasukuma, na walipopatana wanafunzi wa pande mbili walikwenda kwenye bustani mjini Birmingham wakachimba shimo na kuzika shoka, shoka la kweli, ishara ya kumaliza uhasama. Halafu Alabama akashinda 55-0. Hapa kwetu shoka zima likizikwa hadharani, saa mbili usiku litakuwa limeshafukuliwa na saa nne litakuwa linauzwa Newala.

Wenzetu hao, wakishapatana, hupanga baadhi ya mechi miaka kumi mbele. Miaka kumi! Mtu anaweza kupanga jando la mtoto ambaye hajazaliwa. Lakini nao hawana dawa: Texas na Texas A&M walikosana kwa sababu mmoja alihama ligi, wakaacha kuonana tangu 2011 hadi mwishoni mwa 2024, wakati vyuo vyenyewe viko jimbo moja.

Nasi tusijifanye malaika. Kuna mechi ya mbuzi kati yetu na kijiji cha jirani, sikitaji kwa sababu nina shemeji kule. Diwani alitoa mbuzi jike mzuri, mweupe, masikio meusi. Tukasema saa tisa, wao wakasema saa kumi. Tukasema refa atoke shule yetu, wao wakasema atoke misheni. Tukasema uwanja wetu, wao wakasema uwanja wenu una mwinuko, kipindi cha pili mnashuka. Mbuzi amezaa mara mbili tukiwa bado kwenye maandalizi. Anayemtunza ni mjumbe wa kamati, na kwa taarifa nilizonazo ndiye anayesisitiza vikali zaidi kwamba mechi isichezwe bila kufuata taratibu.

Basi Juni 25 ikafika, Jumatano. Shauri la elfu yangu lilikuwa limeshapanda ngazi zote na kurudi kwa mwenyekiti wa kijiji, naye akahukumu: pesa ibaki kwa mwenye kibanda, deni lihamie kwenye mechi itakapochezwa. Hukumu ya busara, tukaikubali. Nilipofika mlangoni na jina langu limeandikwa daftarini (alama za mkononi ameziacha), mwenye kibanda akaniambia niongeze 500. Kwa nini? Kwa sababu hii sasa si dabi ya kawaida, ni ya kuamua bingwa, kiingilio ni 1,500. Nikamkumbusha hukumu. Akasema hukumu ilihusu mechi, haikuhusu bei. Nyuma yangu foleni inasukuma, ndani wimbo wa timu unapigwa, mjomba ameshakaa benchi la mbele na kanzu yake ya kijani. Nikaongeza.

Pacome Zouzoua akafunga kwa penalti. Clement Mzize akamalizia. Mbili bila, Yanga bingwa, taji la 31, la nne mfululizo. Goli la pili sikuliona vizuri, nguzo ilinisaidia. Mjomba hakusema neno. Alinigeukia tu, akaniuliza kama nimefuturu.

Msimu mpya ulipokaribia nikaapa kwamba ratiba itakayotoka sitaiandika kwa penseli wala kwa kalamu. Wakatangaza Ngao ya Jamii, Simba na Yanga, Septemba 16, 2025. Nikacheka. Nikamwambia mama watoto hawa hawachezi, subiri utasikia geti, utasikia kifungu. Nikapanga siku hiyo niende Newala kudai pesa zangu za mbaazi. Asubuhi sikusikia kifungu. Mchana sikusikia kifungu. Jioni nikiwa njiani kurudi, juu ya pikipiki, kila kibanda tulichokipita kilikuwa kimejaa. Ilichezwa siku ileile waliyoisema, bila barua, bila kikao, bila mtu kwenda Uswisi, na Pacome akatufunga tena, 1-0. Siku moja tu ambayo mimi binafsi nilikuwa tayari kwa kuahirishwa, Bodi nzima haikuwa na mtu wa kuahirisha!